Ganda la Chaza na Gome la Mkoko

Siku wivu ulipomwingia Kimya hadi mfupani, hapakuwa na ugomvi wala tusi. Palikuwa na beseni tu, na mguu wa mtu ndani yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kimya, aliyepewa jina hilo utotoni kwa sababu ungeweza kukaa naye kutwa usijue kama ana ulimi, alikuwa amekuja nyumbani kwa mama yake na daftari kwapani. Alipozunguka uani alimkuta fundi viatu wa mtaani ameketi kwenye kigoda, suruali ameikunja hadi gotini, mguu wenye kidonda cha miezi mitatu umezama ndani ya maji mekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono ameilaza mapajani. Miaka miwili sasa mikono ile ilikuwa inatetemeka. Kikombe kikijaa, nusu huishia kwenye kanga. Aliyepiga magoti akiumwagia mguu maji kwa kata, taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga, alikuwa mke wa kaka yake.

"Mama, huyu mkweo ana mkono mwepesi," alisema fundi viatu. "Nikifumba macho nadhani ni wewe."

"Ni mimi," mama alijibu. "Huyo ndiye mikono yangu siku hizi."

"Basi mikono yako imekuwa kijana kuliko wewe mwenyewe!"

Walicheka wote watatu. Kimya aliwaamkia, akaitikiwa, akaketi kwenye ukingo wa baraza. Alijaribu kucheka na wenzake lakini kicheko kilikuwa kimeshapita, kama mtu aliyefika arusini wakati wanafuta meza.

Huyo ndiye mikono yangu. Maneno manne tu, na yote yalimkaa kooni kama donge la ugali mkavu. Mikono ya mama! Yeye aliyezaliwa na mama huyo, aliyelala mgongoni mwake, hakuwahi kugusishwa hata kijiko cha dawa ile. Alipokuwa mdogo, kila akisogelea jiko la magome mama alimfukuza: "Nenda kasome. Mimi nanuka gome ili wewe usinuke." Akaenda akasoma. Akafika chuo, akasomea elimu ya mimea, akaajiriwa maabara. Na alipogeuka nyuma akakuta kigoda chake kimekaliwa na mtu aliyeishia darasa la saba, aliyekuja na masanduku mawili na heshima nyingi, na ambaye mama alimwita "mwanangu" kwa sauti ileile.

Siku hiyo lakini alikuja na shida yake. Maabara walikokuwa wakipima mimea ya dawa, bosi wao alikuwa mama mmoja mkavu waliyempa jina la Milimita, kwa kuwa hakuamini kitu mpaka akiwekee rula. Milimita alikuwa ametangaza kwamba imebaki trei moja ya kupimia, na mwenye mmea wa maana ausemee. Kimya, ambaye kwenye vikao alijificha nyuma ya kalamu, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema: "Mama yangu anaosha vidonda kwa gome la mkoko. Vinakauka." Watu wote waligeuka. Milimita alimtazama, akasema, "Trei ni yako. Mpaka Ijumaa ijayo. Ikionyesha kitu, utaingia kwenye utafiti mkubwa, wewe na mkoko wako. Isipoonyesha, nampa mwenzako wa mwarobaini, na wewe utabaki kuosha vyombo mpaka mkataba uishe."

Ndiyo maana fundi viatu alipoondoka, mguu umefungwa kitambaa safi, Kimya alimsogelea mama.

"Mama, nataka unifundishe ile dawa."

Mama alifurahi hadi macho yakalegea. Akainua mkono wake unaotetemeka, akauelekeza jikoni. "Muulize wifi yako. Mimi siku hizi nafundisha kwa mdomo, na mdomo unasahau. Yeye anajua yote."

Muulize wifi yako.

Wifi alimkaribisha kwa uso mkunjufu. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye vidole vilivyoiva rangi ya kahawia iliyokoza, rangi isiyotoka hata kwa sabuni. Kimya alivitazama vidole vile kama mtu anavyotazama pete kwenye mkono wa mwenzake.

"Kaa hapa wifi, moshi usikuumize macho," wifi alisema, akimsogezea kigoda. "Magome haya nilitoa wiki iliyopita. Unaingia topeni mpaka hapa," akajigonga pajani, "unatoa upana wa kiganja, upande mmoja tu wa mti. Ukiuvua mti nguo zote unakufa. Ungekufa hata wewe."

Alicheka peke yake. Kimya aliandika: kiganja kimoja, upande mmoja.

Wifi akachukua ganda la chaza, akaanza kukwangua gamba la nje la gome, kwaru, kwaru, kwaru. Kazi ilikwenda polepole. Kisu kilikuwa pale pale, juu ya ubao wa vitunguu, kinang'aa. Kimya alikiona, akamwona wifi anavyohangaika na ganda lake, akaandika: anakwangua kwa ganda, hajui kutumia zana bora, maabara tutatumia mashine. Wifi akayatia magome kwenye chungu cha udongo, akakoroga kwa mwiko wa mti. Kimya akaandika: chungu, kwa mazoea. Katika shule nzima ya sayansi hakuna neno tamu kama "mazoea" kwa mtu anayetaka kumdharau mwenzake kwa heshima.

"Una swali wifi? Uliza lolote. Kuuliza si ujinga."

"Hapana. Nimeona."

"Hata moja?"

"Nimeona, wifi."

Wifi alimtazama, akatazama daftari, akarudisha macho kwenye chungu. Maji yalipoiva alichuja kwa kitambaa, akajaza chupa, akafunga kizibo vizuri. "Chukua hii. Iko tayari. Ukafike kazini ukapime tu."

Kimya aliiangalia ile chupa nyekundu. Aliwaza trei yake, rula ya Milimita, kazi ambayo ingeweza kumtoa kwenye kuosha vyombo. Na katikati ya yote hayo mkono wa wifi tena, kama kwenye beseni.

"Asante, lakini sisi tunachemsha wenyewe. Kwa vipimo," alisema. "Nipe magome makavu tu."

Wifi akarudisha chupa rafuni. Akafunga magome kwenye mfuko, akampa kwa mikono miwili.

*

Jumatatu Kimya aliingia maabara kabla ya mfagiaji. Aliyamwaga magome kwenye mashine ya kusagia, zee la chuma lililokuwa pale tangu jengo lijengwe, meno yake yana kutu ya miaka. Liliunguruma, likatema unga. Akautia unga kwenye sufuria kubwa ya chuma, akawasha jiko, akakoroga kwa kijiko cha chuma. Kila kitu kwa gramu na dakika. Alijisikia fundi. Alimwazia mama akija siku moja, akae kwenye kiti cha wageni, aseme kwa sauti ya kusikika: "Huyu ndiye mikono yangu."

Maji yalipochemka yalikuwa meusi.

Si mekundu yaliyokolea. Meusi, yenye ubuluu kidogo, kama yale yanayobaki mtu akiosha chungu kilichoungua. Kimya alisimama juu ya sufuria, moyo ukamwambia jambo. Lakini wivu una mdomo mkubwa kuliko moyo, nao ukawahi kusema: ni kwa sababu yako yana nguvu zaidi. Ya wifi ni mepesi. Yako yameiva.

Mwenzake aliyeitwa Sahani, mzee wa kazi aliyeosha sahani za kioo mpaka jina lake likapotea humo, alichungulia juu ya bega lake.

"Dada, hii dawa au wino? Maana kama ni wino, nina barua ya kumwandikia mwenye nyumba wangu."

"Ni dawa. Imekolea."

"Haya. Mgonjwa akipona atakuwa mweusi kuliko mimi."

Siku ya pili Kimya aliloweka vikaratasi vidogo vya duara kwenye maji yale, akaviweka juu ya sahani zilizopandwa bakteria, akazifungia kwenye kabati la joto. Kanuni yake ni nyepesi. Dawa ikiwa na nguvu, bakteria hawaoti karibu na kikaratasi. Panabaki duara safi, kama kiwanja kilichofagiliwa. Dawa ikiwa maji matupu, wanaota mpaka mlangoni. Kwenye fomu, palipoandikwa "Imeandaliwa na", aliandika jina lake lote, akapigia mstari chini yake bila sababu.

Jumatano asubuhi Milimita alifungua kabati mwenyewe. Akainua sahani ya kwanza kwenye mwanga, ya pili, ya tatu. Bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa kila kikaratasi, wamekibana kama majani yanayobana kizingiti cha nyumba iliyohamwa. Alitoa rula hata hivyo. Hakuwa mtu wa kumnyima mtu rula.

"Sufuri," alisema. "Sufuri. Sufuri." Kisha akanusa chupa ya dawa. "Nyumbani kwenu mama yako huipata nyeusi hivi?"

Sahani aliacha kuosha. Kimya aliona beseni, aliona mguu wa fundi viatu ndani ya wekundu. Kusema hapana kulikuwa na maana ya kusema kwamba kuna mtu anayejua zaidi, na mtu huyo ni nani.

"Ndiyo," alisema.

"Basi rudia mara moja. Ijumaa saa nne nasoma sahani zako za mwisho."

Milimita alipotoka, Sahani alifunga bomba. "Binti yangu," alisema polepole, "mimi si msomi. Lakini 'ndiyo' yako imetoka kama jino bovu."

*

Jioni ileile, jua bado liko juu ya paa, Kimya alirudi nyumbani kwa mama na chupa nyeusi ndani ya mkoba. Njia nzima alijaribu kupanga namna ya kumpita wifi. Angemwendea mama moja kwa moja. Lakini mama alikuwa amelala chumbani, na uani alikuwako wifi, peke yake, anaanua vitambaa vya wagonjwa kwenye kamba.

Mficha uchi hazai. Kimya alitoa chupa, akaiweka juu ya jiwe la kufulia.

Wifi aliiona, akapasua kicheko, kisha akakimeza alipoona uso wa mwenzake.

"Umetia chuma," alisema.

"Nini?"

"Chuma, wifi. Umekwangua na chuma au umechemshia chuma."

"Nimesaga kwa chuma, nikachemshia chuma, nikakoroga kwa chuma," alisema Kimya, na sauti yake ikapungua kila neno.

Wifi aliingia ndani, akarudi na ile chupa nyekundu ya Jumamosi na msumari wenye kutu. Akamimina maji kidogo kwenye kikombe cheupe, akautumbukiza msumari. Walisimama wakitazama. Haikuchukua muda. Kutoka kwenye msumari weusi ulianza kutambaa, utepe mwembamba kwanza, kisha wingu.

Na hapo Kimya akakumbuka. Mwaka wa pili chuoni, meza ya dirishani, kichupa chenye maji ya chuma: tone moja kwenye majimaji ya mmea, yakigeuka meusi ya buluu basi mmea una tanini, ile inayokausha ulimi ukinywa chai kali. Tanini na chuma hukamatana, zikishakamatana haziachani. Alikuwa amelijibu swali hilo kwenye mtihani. Alipata alama zote. Ndiyo nguvu ya gome yenyewe, na yeye alikuwa ameishika kwa mikono yake akaiozesha kwa chuma, sufuria nzima, huku anajisifu imekolea.

"Mimi mwezi wangu wa kwanza hapa nilichemshia sufuria ya chuma," wifi alisema. "Mama aliimwaga yote. Hakunisemesha siku mbili. Nililia nikataka kurudi kwetu."

"Mama hakuniambia."

"Mama alijua nitakwambia mimi."

"Na hukuniambia."

Wifi alikaa juu ya jiwe. Akakunja kitambaa kimoja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nilisoma daftari lako, wifi. Mimi kusoma najua. Uliandika sijui kutumia zana bora. Nikasema moyoni, haya, msomi, nenda na zana zako." Akainua macho. "Si vizuri nilivyofanya. Lakini ulinikataa ile chupa kama nimeitemea mate."

Kimya alitaka kukana. Alikuwa na maneno mazuri ya kukania, ya vipimo na taratibu za kazi. Badala yake alisikia sauti yake, ileile iliyomponyoka kikaoni.

"Nilikuonea wivu. Mama alisema wewe ndiye mikono yake. Sikulala."

"Ee Mungu wangu." Wifi alitikisa kichwa, nusu anacheka. "Mikono! Unajua mikono inachoambiwa humu ndani? Kila mgonjwa akija, kabla hajavua kiatu, anatolewa picha yako umevaa joho. 'Huyu binti yangu, ana akili huyu.' Mimi niko hapo nimeshika beseni. Nimeiona picha hiyo mpaka nikiota naiona. Ungekuwa mimi, ungelala?"

Kutoka dirishani sauti ya mama ilisikika, nzito ya usingizi: "Nyie wawili, mnagombana au mnaanua nguo?"

"Tunaanua, mama!" walijibu pamoja.

*

Alhamisi Kimya alipita getini pa maabara amebeba chungu cha udongo kifuani, na ndani yake magome mapya, ganda la chaza, mwiko wa mti na kitambaa cha kuchujia. Mlinzi aliuliza kama anahamia. Alikwangua mwenyewe, na ganda lilimkata kidole mara mbili. Maji yalitoka mekundu. Sahani alichungulia, akasema, "Barua yangu basi tena," akaenda zake anapiga mluzi.

Ijumaa saa nne Milimita aliinua sahani kwenye mwanga. Kila kikaratasi kilikuwa na duara lake safi, kama uwanja wa nyumba siku ya wageni. Akaweka rula.

"Kumi na nne," alisema. "Kumi na tatu. Kumi na nne." Hakutabasamu, lakini alipima sahani ya kwanza mara ya pili, na kwake hilo lilikuwa vigelegele. "Sahani ya kioo si mguu wa mtu, usije ukaanza kutibu ukoo mzima. Lakini trei inabaki yako, na kwenye utafiti mkubwa umeingia. Sasa nieleze. Jumatano uliniambia nyumbani huwa nyeusi."

"Nilidanganya," alisema Kimya. "Huwa nyekundu. Sikuuliza namna ya kuandaa, kwa sababu wa kumuuliza alikuwa wifi yangu."

Milimita alimtazama juu ya miwani. Labda naye alikuwa na mawifi. "Uongo mwingine kwenye meza hii na utaondoka na chungu chako," alisema, akamsukumia fomu mpya. "Jaza."

Imeandaliwa na. Kalamu ilisimama. Hakuna aliyekuwa akimlazimisha. Yeye ndiye aliyekwangua, kidole kina plasta. Donge lilikuwa bado liko pale pale kooni, halikuwa limeyeyuka kama alivyotarajia. Aliandika jina la wifi yake, majina yote matatu, na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, la kwake. Kisha akalitazama lile la juu, akaona uchungu kidogo kwamba limekaa vizuri.

"Huyu naye aje Jumatatu," alisema Milimita akisoma. "Atueleze wote. Mpe koti lako la maabara."

"Koti langu?"

"Unalo jingine?"

Jumamosi Kimya alifika uani na habari hiyo. Wifi alipiga yowe, akakataa, akakubali, akauliza kama koti lina vifungo vyote. Mama alicheka mpaka machozi, akasema picha ipigwe. Kimya aliona kwa macho ya akili picha ya pili ikitolewa mbele ya wagonjwa, wifi ndani ya koti jeupe, na donge likajigeuza upande mwingine kama paka anayelalia tumbo la mtu. Akavuta kigoda.

"Nipe hilo ganda," alisema.

"Utajikata tena."

"Nionyeshe, basi."

Wifi alikaa nyuma yake, akamshika kiganja kwa kiganja chake chenye rangi. "Lilaze. Usilisimamishe. Polepole, wifi, gome si mtihani."

Kwaru. Kwaru. Walikwangua gome la kwanza, wakakwangua la pili, na la tatu Kimya alikwangua peke yake, vibaya, bila mtu kusema kitu. Mama alikuwa akimtazama kutoka kwenye kiti chake. Baadaye, magome yalipokwisha kutiwa chunguni, alimwita kwa ishara.

Kimya alikwenda akachutama. Mama aliichukua mikono yake miwili ndani ya ile inayotetemeka, akaigeuza. Vidole vilikuwa vimeshika wekundu kwenye kucha na kwenye mistari ya viganja. Mama aliiinua mpaka puani, mikono yote minne ikitetemeka pamoja, akainusa.

Hakumfukuza.